Mgonjwa aliyehisi wadudu chini ya ngozi: aandikiwe msimbo upi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya kumbukumbu za afya na madai ya bima kwenye kliniki binafsi hapa Arusha, na wagonjwa wetu wengi ni watalii. Usiku mmoja tulimpokea kijana kutoka Marekani aliyeletwa na wenzake. Alikuwa akijikuna mikono na kusema kuna wadudu wanatembea chini ya ngozi yake. Daktari wa zamu aliandika kwa kifupi: amelewa kokeini, anaona na kuhisi vitu visivyokuwepo. Nikaweka F14.04 kama nilivyofundishwa chuoni. Bima yake ya huko kwao imerudisha dai ikisema msimbo huo haupo. Mwenzangu anasema niandike F14.222 kwa kuwa ndio wenye uzito, mwingine anasema F14.151, na meneja anauliza kwa nini tusiandike maruweruwe tu bila kutaja kokeini ili walipe. Niandike nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: F14.04 ni msimbo halali na uliutumia kwa maana yake sahihi. Shida ni kwamba uliutoa kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani, ukaupeleka kwa watu wanaosoma kitabu kingine. Kwa maelezo ya daktari kama yalivyo sasa kwenye faili, msimbo wa Kimarekani unaolingana nayo ni F14.922. Lakini usiuandike leo. Kuna maswali mawili matatu ambayo daktari wako hakuyajibu, na majibu yake yanaweza kuubadilisha. Nieleze yanatoka wapi.

ICD-10, yaani kitabu hicho cha Shirika la Afya Duniani cha misimbo ya magonjwa tunachokitumia Tanzania, ilipitishwa mwaka 1990 na nchi zikaanza kuitumia tangu 1994. Humo F14 ni maradhi yote ya akili na tabia yanayotokana na kokeini. Tarakimu inayofuata nukta inasema ni hali gani: 0 ni ulevi wa papo hapo, 1 ni matumizi yenye madhara, 2 ni utegemezi, 3 ni hali ya kuacha dawa, 5 ni saikosisi, yaani kushindwa kutenganisha ya kweli na ya uongo. Ukishaandika F14.0, tarakimu ya mwisho inaeleza ulevi ule ulikuja na nini. Sifuri ni ulevi mtupu, 1 ni pamoja na jeraha, 3 ni pamoja na deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa fahamu, 4 ni pamoja na mvurugiko wa hisi, 5 ni koma, 6 ni degedege. Mgonjwa wako amelewa na hisi zimevurugika, basi F14.04. Mwalimu wako wa chuo alikufundisha vizuri.

Wamarekani wana toleo lao, ICD-10-CM, walilolianza rasmi kwenye madai tarehe 1 Oktoba 2015, na huliongezea na kulipunguzia misimbo kila Oktoba. Herufi na tarakimu za mwanzo zinafanana na zetu, F14 ni kokeini kule na huku, na hapo ndipo watu wengi hunaswa. Baada ya nukta, wao hawaanzi na hali ya mgonjwa usiku ule. Wanaanza na uhusiano wake na dawa: F14.1 ni matumizi mabaya, F14.2 ni utegemezi, F14.9 ni matumizi ambayo kiwango chake hakikubainishwa. F14.0 haipo kabisa kwenye kitabu chao, kwa hiyo kompyuta yao iliposoma F14.04 ililikataa dai kabla hata binadamu hajaliona. Tarakimu ya pili baada ya nukta ikiwa 2 inamaanisha ulevi, na ya tatu inasema ulevi wa namna gani: 0 bila tatizo jingine, 1 na deliriamu, 2 na mvurugiko wa hisi, 9 haukubainishwa. Ndiyo maana unakutana na misimbo mitatu inayofanana kama ndugu: F14.122, F14.222 na F14.922. Yote mitatu inasema mtu alilewa kokeini akaona au kuhisi yasiyokuwepo. Inatofautiana kwa jambo moja tu, yaani maisha ya mtu huyo na kokeini kabla hajaingia mlangoni kwenu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu mwenzako anayekushauri F14.222 anacheza na kitu kikubwa. Huo msimbo unasema kijana yule ni mtegemezi wa kokeini. Utegemezi haupimwi kwa ukali wa usiku mmoja. Mtu anaweza kunusa kokeini mara ya kwanza katika maisha yake, kwenye sherehe ya kumaliza safari, akawaona wadudu, na asiguse tena mpaka afe. Na mtu mwingine anaweza kuwa mtegemezi wa miaka kumi na asione mdudu hata mmoja. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Wamarekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, una vigezo 11 vya kupima tatizo la matumizi: kutumia zaidi ya ulivyokusudia, kujaribu kupunguza na kushindwa, kutamani sana, kuacha majukumu ya kazi au nyumbani, kuendelea hata baada ya kuona madhara, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili kupata athari ileile, kuugua unapoacha, na vingine vya namna hiyo. Vigezo 2 au 3 ndani ya miezi 12 ni tatizo dogo, na ukichanganya na ulevi wenye mvurugiko wa hisi unapata F14.122. Vigezo 4 au 5 ni tatizo la kati, 6 na kuendelea ni kubwa, na yote mawili huingia F14.222. Asiyefikia hata viwili, yaani hana tatizo la matumizi bali alitumia tu akalewa, ni F14.922.

Sasa soma tena alichoandika daktari wako. Je, kuna neno lolote kuhusu miezi 12 iliyopita? Hakuna. Basi huna mahali pa kuitoa 1 wala 2. Ninajua hoja inayozunguka kwenye ofisi za madai, kwamba utegemezi unaonekana kama ugonjwa na kwa hiyo hulipwa vizuri. Hata kama ingekuwa kweli, msimbo huo utamfuata kijana huyo nyumbani kwao. Utakaa kwenye rekodi zake za bima, daktari wake ajaye atausoma na kumtazama kwa jicho hilo, na hakuna atakayempigia simu kumuuliza kama ni kweli. Sisi tunaoandika misimbo hatumgusi mgonjwa, lakini tunaweza kumbandika jina ambalo daktari hakumpa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi katika kazi hii kuliko dai lolote lililorudishwa.

Kuna kanuni moja ya Wamarekani unayopaswa kuijua hapa. Daktari akiandika sehemu moja ya faili kuwa mgonjwa ana matumizi mabaya na sehemu nyingine kuwa ni mtegemezi wa dawa hiyohiyo, unachukua utegemezi peke yake. Akiandika matumizi na matumizi mabaya, unachukua matumizi mabaya. Kila mara unabeba kile kilicho juu, na huweki misimbo miwili ya F14 ya ngazi tofauti kwenye dai moja. Lakini kanuni hiyo inapanga yale ambayo daktari ameyaandika. Haikuruhusu kupandisha ngazi kwa kukisia.

Kuhusu F14.151. Huu ni wa saikosisi yenye maruweruwe inayotokana na kokeini, kwa mtu mwenye matumizi mabaya. Mwenzako aliona neno maruweruwe akaukimbilia, na si wa kwanza. Tofauti kati yake na wako ni mambo ambayo daktari huyapima kwa kuongea na mgonjwa, kwa hiyo wewe utayapata kwenye maelezo tu, tena mara nyingi kwenye maelezo ya muuguzi.

Kokeini huzuia ubongo kurudisha dopamini, noradrenalini na serotonini kwenye seli zilikotoka, hivyo kemikali hizo hujaa na mishipa ya fahamu huwaka bila kupumzika. Mapigo ya moyo hupanda, presha hupanda, mboni za macho hutanuka, jasho humtoka mtu, hatulii. Katika hali hiyo hisi hutoa taarifa za uongo. Wadudu wanaotembea juu au chini ya ngozi ni malalamiko ya zamani sana ya watumiaji wa kokeini. Mfaransa Valentin Magnan aliyaeleza mwaka 1889, na hadi leo vitabu huita hali hiyo kwa jina lake. Wengine huona vimwanga pembeni mwa macho, wengine husikia wakiitwa.

Swali la kitabibu ni hili: mgonjwa anajua kwamba wadudu hawapo? Akisema, "Daktari, nawahisi wanatembea, ila najua ni hii kitu niliyotumia," akili yake bado inatenganisha ya kweli na ya uongo. Huo ni ulevi wenye mvurugiko wa hisi, na tarakimu yako ya mwisho ni 2. DSM-5 inasema hivyo wazi: maruweruwe huku mtu bado anautambua ukweli, au kuona, kusikia na kuhisi vitu vilivyopo kwa namna isiyo yao, bila deliriamu. Lakini akiomba kiwembe awatoe, akiwa na yakini kwamba wenzake ndio waliomtegea, na hali hiyo ikaendelea wakati kokeini yenyewe imeshaondoka mwilini, daktari anaanza kufikiria saikosisi. Nusu ya kokeini huondoka kwenye damu kwa takriban saa moja. Kwa hiyo maruweruwe ya saa nane usiku yaliyokwisha kabla ya jua kuchomoza yana hadithi moja, na yale ambayo muuguzi wa zamu ya mchana wa siku ya pili bado anayaandika yana hadithi nyingine. ICD-10 ya kwetu nayo inasema saikosisi ya F14.5 ni ile ambayo ulevi wa papo hapo peke yake hautoshi kuieleza.

Mlango wa tatu ni deliriamu. Hapa fahamu zenyewe zimetikisika: mgonjwa hajui yuko wapi, anadhani Arusha ni nyumbani kwao, umakini unakuja na kuondoka, anaweweseka. Anaweza kuona wadudu vilevile. Hapo tarakimu ya mwisho ni 1, na huandiki 2 pamoja nayo kwa tukio lilelile. Deliriamu ni dharura, hasa ikija na joto kali la mwili, na mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kubaki kliniki. Anahamishiwa hospitali ya rufaa, Mount Meru kwa huko kwenu au KCMC huku Moshi, na mara nyingi dai lake linakuja na barua ya rufaa inayoeleza zaidi kuliko faili la kwanza. Isome kabla ya kuandika msimbo.

Kwa hiyo mrudie daktari. Fanya hivyo kwa maandishi, na uulize bila kumwekea jibu mdomoni. Usimwandikie "Naomba uthibitishe kuwa mgonjwa ni mtegemezi." Mwandikie kwamba umeona kwenye maelezo yake ulevi wa kokeini na kuona na kuhisi vitu visivyokuwepo, na unaomba aeleze, kadiri anavyoweza kwa tathmini yake ya usiku ule, mgonjwa alikuwa na mtindo gani wa matumizi, kama fahamu zake zilikuwa safi, na kama alitambua kuwa anachokiona si cha kweli. Mpe nafasi ya kujibu kwamba haiwezekani kubaini. Akijibu, aandike nyongeza kwenye faili kwa tarehe ya siku anayoiandika, aweke saini, na maelezo ya mwanzo yabaki bila kufutwa. Nyongeza iliyorudishwa tarehe nyuma ni kughushi, hata kama kila neno ndani yake ni kweli.

Hivi ninavyosema yanahusu mgonjwa aliyesema mwenyewe, au wenzake wakasema, kwamba ni kokeini. Kwa wagonjwa wetu wa nyumbani kuna mtego mwingine, na nauweka hapa kwa sababu najua kliniki yenu haipokei watalii peke yao. Kijana wa Unga Limited au wa Majengo akisema ametumia unga, kwa mtaani mara nyingi anamaanisha heroini, na heroini iko F11. Nimeshaona faili ambalo daktari kaandika "unga" na karani akaweka F14. Dalili zenyewe zilikuwa zinapiga kelele: mboni zimebana kama tundu la sindano, anapumua polepole, analala. Kokeini hutanua mboni na kumkesha mtu. Mirungi ya kutoka Same huchangamsha, lakini haimo kwenye F14, inaingia F15 pamoja na vichangamshi vingine. Bangi ni F12. Daktari aandike jina la dawa yenyewe. Asipoandika, muulize, usitafsiri wewe.

Na watu wengi wanaotumia kokeini usiku huwa wamekunywa pia. Pombe na kokeini vikikutana, ini hutengeneza kitu cha tatu, kokaethilini, kinachokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kuusumbua moyo zaidi. Kwenye msimbo, kila kilichoandikwa na daktari kinapata nafasi yake: pombe F10 na kokeini F14. F19, ule wa dawa nyingi, si kapu la kutupia kila mchanganyiko. Kwa ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, unatumika pale ambapo haiwezekani kujua ni dawa ipi hasa iliyoleta tatizo.

Kipimo cha mkojo nacho kinawapotosha wengi. Kinachopimwa si kokeini yenyewe, ni mabaki yake, benzoilekgonini, na hayo huonekana kwa siku 2 hadi 4 baada ya matumizi, kwa mtumiaji mzito hata zaidi. Mkojo ukisoma chanya unajua mtu alitumia kokeini wiki hii. Hujui kama maruweruwe ya leo yametokana nayo. Huo uhusiano anauandika daktari. Kukiwa na majibu ya maabara tu na daktari hakusema chochote, F14 yoyote ile haina mguu wa kusimamia. Kuna misimbo ya matokeo ya maabara kwa ajili hiyo: R78.2 kwa kokeini iliyoonekana kwenye damu, R82.5 kwa dawa zilizozidi kwenye mkojo.

Kwa sisi tulio chini ya Mlima Kilimanjaro jambo hili si la nadharia. Mtu anashuka kutoka mita 5,895 akiwa anayumba, anaongea na watu ambao hawapo, wapagazi wamembeba hadi geti la Mweka. Wenzake wananong'ona kwamba alikuwa na kitu mfukoni. Inaweza kuwa kokeini. Inaweza kuwa ubongo umevimba kwa sababu ya kimo, na hiyo inaua ndani ya saa chache asipoteremshwa na kutibiwa. Anaweza kuwa na malaria kali. Anaweza kuwa ametumia mefloquine kujikinga na malaria, dawa inayojulikana kuwaletea watu wachache ndoto mbaya na maruweruwe. Daktari mwenye busara ataandika "inashukiwa" au kuweka alama ya kuuliza, na hapo kanuni ya Wamarekani kwa mgonjwa wa nje ni kali: kilichoshukiwa hakiandikiwi msimbo kana kwamba kimethibitika. Unaandika dalili. R44.1 kwa kuona visivyokuwepo, R44.0 kwa kusikia, R44.2 kwa maruweruwe ya hisi nyingine kama hiyo ya ngozi. Mgonjwa aliyelazwa ana kanuni tofauti: utambuzi ambao bado unashukiwa hadi siku ya kuruhusiwa unaweza kuandikwa kama upo. Wako alikaa saa chache akaondoka, kwa hiyo ni wa nje.

Hapo nimefika kwa meneja wako. Naelewa shinikizo lake. Bima nyingi za safari zina kifungu cha kutolipia madhara yaliyotokana na ulevi au dawa za kulevya, na kliniki imeshatumia dawa, vipimo na usiku mzima wa watumishi. Lakini misimbo ya R44 ni ya daktari asiyejua sababu. Daktari wako anaijua na ameiandika kwa mkono wake. Ukiificha kokeini ili bima ilipe, hiyo ni hati ya uongo kwa ajili ya fedha, na aliyeijaza ni wewe, kwa jina lako. Meneja hatakuwepo siku mkaguzi atakapoomba faili. Mwambie hivyo kwa heshima, na mweleze pia kwamba F14.922 iliyoandikwa sawasawa ina nafasi nzuri kuliko dai lenye dalili zisizo na sababu, ambalo linamvuta mkaguzi kuomba faili zima. Wakikataa kwa kifungu chao, deni linarudi kwa mgonjwa, na hilo ni jambo la kliniki na mgonjwa wake. Kwa siku zijazo, mtalii aelezwe mapema, na asaini, kwamba asichokilipa bima atakilipa mwenyewe.

Pia ukiwa na F14 kamili, usiongeze R44 pembeni yake. Maruweruwe yameshahesabiwa ndani ya ile 2 ya mwisho.

Mwenzako mmoja anaweza kukuuliza kuhusu T40.5, msimbo wa sumu ya kokeini, kwa hiyo niuseme. ICD-10 yetu inatenganisha wazi: F14.0 haihusu ulevi ulio na maana ya sumu, huo unakwenda kwenye T36 hadi T50. Daktari akiandika kwamba mgonjwa alizidisha dozi, au alimeza pakiti ikampasukia tumboni, au aliwekewa kwenye kinywaji bila kujua, kinachotangulia ni T40.5 pamoja na msimbo wa chanzo: X42 kwa bahati mbaya, X62 kwa kujidhuru makusudi, Y12 isipojulikana. Wamarekani wameingiza nia ndani ya msimbo wenyewe, T40.5X1A kwa bahati mbaya na T40.5X2A kwa kujidhuru, na hiyo A ya mwisho ni ya matibabu ya awali. Kwa kijana wako hakuna aliyeandika dozi iliyozidi wala sumu, kwa hiyo achana nao. Lakini kama kwenye maelezo ya muuguzi kuna hata sentensi moja kwamba alisema anataka kufa, simama hapo na umtafute daktari kabla ya kazi yoyote ya madai. Mgonjwa huyo anahitaji kutafutwa, hata kama amesharudi hotelini.

Kwa takwimu zenu za ndani na taarifa za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, msimbo wako wa kwanza ubaki ulivyo. Mfumo ukipokea tarakimu nne tu, F14.0 inatosha. Usiingize F14.922 kwenye vitabu vya nyumbani, itakataliwa huku kama F14.04 ilivyokataliwa kule. Ni vizuri kuweka kwenye faili karatasi ndogo inayoonyesha misimbo yote miwili na kila mmoja ulipelekwa wapi. Shirika la Afya Duniani limeshatoa ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Humo ulevi wa kokeini ni 6C45.3, na saikosisi ya kokeini yenye maruweruwe ni 6C45.60. Ukiona barua ya daktari kutoka Ulaya yenye misimbo ya namna hiyo, usidhani ni makosa ya uchapaji.

Jambo la mwisho kabla hujatuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Umenieleza kisa hiki bila jina wala hoteli, na umefanya vyema. Fanya hivyohivyo na kampuni ya watalii iliyomleta: wakipiga simu kuuliza mteja wao alikuwa na nini, jibu ni kwamba mgonjwa ndiye atakayewaambia. Na kwa bima, peleka kurasa zinazohusu usiku ule tu, kama alivyoridhia kwenye fomu aliyosaini. Wakitaka historia yake yote, waombe kwa maandishi waeleze wanaihitaji kwa lipi.

Kwa hiyo mpango wako ni huu. Kesho mpelekee daktari maswali yale. Akijibu kwamba fahamu zilikuwa safi, kijana alijua wadudu si wa kweli, na hakuna kilichobainika kuhusu matumizi yake ya nyuma, tuma F14.922. Akieleza na kuandika matumizi mabaya, F14.122. Akitaja utegemezi na vigezo alivyoviona, ndipo F14.222. Akisema mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, basi tarakimu ya mwisho inakuwa 1. Na kama daktari huyo ameshaondoka kazini na hapatikani, usimtafute mwingine ambaye hakumwona mgonjwa aje ajaze mapengo. Tumia F14.922 inayobebwa na maneno yaliyopo, ambatisha nakala ya ukurasa wa zamu, na kwenye barua ya dai taja kwamba ni marekebisho ya dai lililorudishwa kwa msimbo usiokuwepo, pamoja na namba ya dai la kwanza, ili lisihesabiwe kama dai jipya la mgonjwa yuleyule kwa siku ileile.